Kuoanisha fedha za wafadhili na bajeti ya serikali katika afya: mwongozo kwa anayeanza

Kila msimu wa bajeti ukikaribia, maswali ni yaleyale. Mtu amepangiwa dawati la wafadhili wizarani, au amefanywa mratibu wa wadau wa afya mkoani au wilayani, na anauliza: nianze na kikao au na takwimu? Fedha isiyopita Hazina naiandika wapi? Mfadhili akikataa kunionyesha bajeti yake nifanyeje? Mwongozo huu unajibu maswali hayo kwa mpangilio wa kazi yenyewe, na ni kwa ajili yako uliyepewa jukumu hili bila makabidhiano ya maana.

Shika jambo moja tangu mwanzo: uratibu haufanyiki kikaoni. Unafanyika kwenye jedwali linaloonyesha nani analipia nini, wapi, kwa njia gani na mpaka lini. Kikao kisicho na jedwali hilo huishia kwenye kusomeana taarifa za mafanikio, kisha kila mmoja anaondoka na mpango aliokuja nao.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Mpango mkakati wa sekta ya afya unaotumika sasa, pamoja na makadirio yake ya gharama kama yapo.
- Kitabu cha bajeti iliyopitishwa, chenye kasma (mafungu ya matumizi) hadi ngazi ya chini kabisa unayoweza kuipata, na taarifa ya fedha zilizotoka kweli mwaka uliopita.
- Kalenda ya bajeti ya serikali: lini mwongozo wa bajeti unatoka, lini ukomo (kiwango cha juu ambacho kila wizara inaruhusiwa kupanga) unatangazwa, lini bunge linapitisha.
- Orodha ya wafadhili na mashirika yanayotekeleza miradi yao. Usisubiri ikamilike, kwa sababu haitakamilika.
- Barua ya utambulisho yenye saini ya katibu mkuu au mganga mkuu. Bila barua hiyo utazungushwa kwa wiki nyingi.
- Mtu mmoja Hazina na mmoja wa uhasibu wanaopokea simu zako.
- Programu ya kawaida ya majedwali kwenye kompyuta. Mfumo wa gharama kubwa usiuguse mwaka huu. Nchi kama Rwanda zina mfumo wa mtandaoni ambamo wizara na washirika huingiza bajeti na matumizi yao, lakini mfumo kama huo hufanya kazi pale ambapo watu wameshazoea kutoa takwimu. Mazoea hayo ndiyo unayoanza kuyajenga sasa.

Hatua ya 1: Andika kwanza fedha za serikali

Wengi huanza na wafadhili kwa kuwa ndio wanaoonekana kuwa tatizo. Ukianza hivyo, bajeti ya serikali inageuka kuwa kijazio cha nafasi zilizobaki, wakati inapaswa kuwa kinyume chake.

Orodhesha kile ambacho serikali inalipia yenyewe: mishahara, dawa, uendeshaji wa vituo, mchango wa nchi kwenye chanjo. Kwa kila kasma weka namba mbili, iliyopitishwa na iliyotolewa. Tuseme kasma ya dawa ilipitishwa kwa milioni 100 na zikatoka 60. Mfadhili anayetaka kuziba pengo la dawa akipanga kwa kuamini ile 100, dawa zitakwisha katikati ya mwaka na lawama zitaanza kurushwa huku na huku.

Utasikia watu wakitaja Azimio la Abuja la mwaka 2001, ambapo wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kuipa afya angalau asilimia 15 ya bajeti za serikali zao. Ni kigezo kizuri cha kudai fungu kubwa zaidi. Kwa kazi hii kina upungufu: hakikuambii kama zahanati imepata fedha zake za robo ya kwanza.

Kisha waonyeshe wafadhili jedwali hili, hata kama linaaibisha kidogo. Ukificha namba zako, na wao watazificha zao.

Hatua ya 2: Jenga jedwali la wafadhili

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Mstari mmoja ubebe shughuli moja, mahali pamoja, chanzo kimoja. Safu zinazohitajika ni hizi:

- chanzo halisi cha fedha
- wakala anayezipitisha, kama yupo
- mtekelezaji
- shughuli, kwa maneno ya mpango mkakati wa nchi na si ya andiko la mradi
- mkoa, wilaya, na ikiwezekana kituo
- aina ya gharama: mishahara na posho, dawa na vifaa tiba, majengo, mafunzo, uendeshaji, utawala wa mradi
- njia inayopita fedha
- kiasi kilichoahidiwa, kilichosainiwa, na kilichotoka
- sarafu ya asili na kiwango cha kubadilishia ulichotumia
- tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha

Safu ya njia ndiyo inayowachanganya wengi. Jaza moja kati ya nne. Kwanza, fedha inaingia Hazina na inaonekana kwenye bajeti. Pili, inaonekana kwenye kitabu cha bajeti lakini inalipwa moja kwa moja na mfadhili. Tatu, iko nje ya bajeti kabisa na serikali haiioni. Nne, si fedha bali ni vitu: dawa, vyandarua, vitendanishi, magari. Fedha ya aina ya tatu iandike vilevile. Mhudumu anayelipwa nayo anawahudumia wananchi walewale, na siku ikikatika mzigo utaangukia kasma ileile.

Onyo kuhusu kuhesabu mara mbili. Nchi mfadhili inatoa milioni 500 kwa shirika la kimataifa. Shirika hilo linabaki na 50 za utawala na kuipa asasi moja 450. Asasi nayo inazipa asasi tatu za wilayani 300. Ukituma dodoso kwa wote, wa kwanza ataandika 500, wa pili 500, wa tatu 450, na wale watatu 300 kwa pamoja. Jedwali lako litaonyesha 1,750, na waziri atauambia umma kwamba sekta imejaa fedha. Kiasi kilichopo ni 500. Dawa yake ni kuhesabu kwenye chanzo tu, na walio chini yake kuwatumia kujua fedha imeishia wapi na imelipia nini. Ndiyo maana chanzo, wakala na mtekelezaji wana safu tatu tofauti.

Onyo kuhusu ahadi. Mfadhili anaposema "tumetenga", muulize kama mkataba umesainiwa. Kama umesainiwa, uliza kiasi gani kimetoka. Namba hizo tatu hutofautiana sana, na kituo cha afya kinaendeshwa na ile ya tatu peke yake.

Kama kuna safu moja ya kuipigania mpaka mwisho, ni tarehe ya kuisha. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilitangaza kusitisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo shughuli za misaada za USAID, shirika la misaada la Marekani, zikafikia kikomo rasmi. Katika hali kama ile, ofisi yenye jedwali linaloonyesha ni wauguzi na wataalamu gani wa maabara wanalipwa na nani, katika vituo gani, inaweza kupeleka ombi Hazina wiki hiyohiyo. Isiyo nalo inaanza kupiga simu wilaya kwa wilaya huku kliniki zikifungwa.

Hatua ya 3: Linganisha kalenda

Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda huanza mwaka wa fedha tarehe 1 Julai. Serikali ya Marekani huanza tarehe 1 Oktoba. Uingereza huanza Aprili. Shirika la Afya Duniani hupanga bajeti ya miaka miwili, na ruzuku za Global Fund (mfuko wa dunia wa kupambana na ukimwi, kifua kikuu na malaria) kwa kawaida huenda kwa mizunguko ya miaka mitatu. Usijaribu kuwabadilisha. Chora mstari wa miezi na uweke kila mfuko mahali pake.

Chukua mfano wa posho za wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mradi unaozilipa unaisha tarehe 30 Septemba 2027, na mwaka wa fedha wa nchi umeanza tarehe 1 Julai. Miezi tisa, Oktoba hadi Juni, haina mlipaji. Ili serikali iibebe, ni lazima iwe kwenye bajeti itakayopitishwa Juni 2027, na ukomo wa bajeti hiyo hujadiliwa miezi mingi kabla. Kwa hiyo mazungumzo ya mradi unaoisha Septemba 2027 yanatakiwa yaanze karibu mwaka mzima kabla, wakati mradi bado unaonekana una afya njema na hakuna mtu mwenye wasiwasi.

Kalenda inaweza pia kukusaidia. Mapema mwaka 2025 bajeti ya Nigeria ilikuwa bado mikononi mwa bunge wakati misaada ya Marekani inasitishwa, na wabunge wakaongeza takriban dola milioni 200 kwa ajili ya afya. Bajeti ingekuwa imeshafungwa, njia pekee ingekuwa bajeti ya nyongeza, ambayo ni ngumu na huchelewa.

Hatua ya 4: Soma jedwali utafute mapengo na msongamano

Panga mistari kwa shughuli, kisha kwa mahali. Mara nyingi utakuta mafunzo yana walipaji wengi, tena kwa watu walewale na mada ileile, huku matengenezo ya vifaa hayana mlipaji hata mmoja. Utakuta wilaya iliyo karibu na barabara kuu ina mashirika mengi na ya mbali haina.

Usiishie kwenye jumla ya fedha. Chagua huduma chache na uzifuate mpaka mwisho. Mashine ya GeneXpert ya kupima kifua kikuu ni mfano mzuri. Mashine imetolewa na mfadhili mmoja. Katriji zinanunuliwa na mfuko mwingine. Umeme unalipwa na hospitali. Usafirishaji wa sampuli kutoka zahanati unafadhiliwa na mradi unaoisha mwezi wa sita, na ukaguzi wa usahihi wa moduli (sehemu za mashine zinazofanya kipimo), ambao hutakiwa kila mwaka, haumo kwenye bajeti ya yeyote. Kwenye karatasi huduma hiyo ina fedha nyingi. Kiungo kimoja kikikatika, mashine inafunikwa kitambaa na mgonjwa anarudishwa nyumbani bila kipimo. Uchambuzi wa namna hii kwa huduma tano tu utakupa hoja nzito kuliko chati yoyote ya jumla.

Hatua ya 5: Zungumza na kila mfadhili peke yake

Fanya hivi kabla ya kikao cha pamoja. Mbele ya wenzake mfadhili hulinda jina la taasisi yake. Akiwa peke yake hukuambia kipi kinaweza kuhamishwa na kipi kimefungwa na bunge la nchi yake. Mpelekee ukurasa mmoja wenye mistari yake tu, arekebishe makosa, kisha umuulize maswali matatu: kipi kati ya hivi unaweza kukihamisha mwaka huu? Kipi unaweza kukihamisha mkataba ukihuishwa? Kipi hakihamishiki?

Ukihitaji kukumbusha wajibu, katika Azimio la Paris la mwaka 2005 wafadhili waliahidi kuheshimu mipango na mifumo ya nchi, na Ajenda ya Lusaka ya Desemba 2023 inaitaka mifuko mikubwa ya afya duniani ijipange chini ya mpango wa nchi. Taja kwa upole, mara moja. Wengi wa watu wa ofisi za nchini wanakubaliana nawe tayari. Kinachowabana ni makao makuu yao, na kazi yako ni kuwapa hoja ya kupeleka huko.

Hatua ya 6: Itisha kikao cha maamuzi

Mwenyekiti awe wa serikali. Hili halina mjadala, hata kama mfadhili ndiye amelipia ukumbi.

Tumia jukwaa lililopo. Nchi zinazopokea fedha za Global Fund zina chombo cha uratibu cha taifa, na karibu kila wizara ina kikundi kazi cha sekta. Kamati mpya inaongeza vikao tu, na watendaji wanaopaswa kuwa kazini wanashinda mezani.

Ajenda iwe fupi: mapengo matano makubwa, misongamano mitano mikubwa, fedha zinazoisha ndani ya miezi 18. Jedwali litumwe wiki moja kabla. Kila uamuzi uandikwe kwa jina, kiasi na tarehe. "Wadau walikubaliana kuimarisha ushirikiano" si uamuzi, kifute kwenye muhtasari.

Hatua ya 7: Chagua njia ya fedha na uandike makubaliano

Hapa wanaoanza huuliza kama waanzishe mfuko wa pamoja, yaani mfuko mmoja ambamo wafadhili kadhaa wanachangia. Tanzania ina mfuko wa pamoja wa afya tangu mwaka 1999, na tangu 2017/18 fedha zake zimekuwa zikienda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Ethiopia ilijenga uratibu wake juu ya kanuni ya mpango mmoja, bajeti moja na ripoti moja, pamoja na mfuko ambao wizara inaupangia matumizi kwa kukubaliana na wachangiaji. Faida zake ni za kweli: taarifa moja, ukaguzi mmoja, na nchi ndiyo inayopanga.

Lakini mfuko wa pamoja husimama juu ya imani katika hesabu za serikali. Mwaka 2013 Malawi ilipogundua wizi mkubwa wa fedha za umma uliojulikana kama Cashgate, wafadhili wakasitisha fedha zilizokuwa zikiingia moja kwa moja kwenye bajeti ya serikali, na afya nayo ikaumia kwa kosa lisilo lake. Ushauri wangu: usianze na mfuko. Anza na mpango mmoja na ripoti moja, fedha ziendelee kupita njia zake. Uhasibu ukishakuwa imara, mfuko utakuwa na pa kusimama.

Vyovyote itakavyokuwa, hati ya makubaliano na kila mfadhili iwe na haya:

1. Mishahara na posho kwa viwango vya serikali au viwango vilivyokubaliwa na wafadhili wote.
2. Takwimu za huduma ziingie kwenye mfumo wa taifa. Mradi usianzishe rejista yake.
3. Gharama za uendeshaji za kila kifaa au jengo, na jina la atakayezilipa baada ya mradi.
4. Ratiba ya kukabidhi, mwaka kwa mwaka, yenye kiasi ambacho serikali inachukua kila mwaka.
5. Notisi ya kusitisha, ya miezi sita au zaidi, na wajibu wa kutoa orodha ya watumishi na bidhaa zilizobaki.

Kipengele cha nne ndicho kinachorukwa mara nyingi. Kukabidhi mzigo wote siku moja mwishoni mwa mradi ni kumtupia Hazina asichoweza kubeba.

Hatua ya 8: Huisha kila robo mwaka

Ongeza kilichotoka na kilichotumika, sahihisha tarehe, ondoa yaliyokwisha. Tuma nakala kwa wote, pamoja na waganga wakuu wa wilaya, kwa sababu wao ndio watakaokuambia kwamba mradi ulioandikwa una vituo 12 unaonekana kwenye vitano tu.

Ukikwama

*Mfadhili hatoi takwimu.* Jaza wewe kutokana na vyanzo vya wazi: tovuti yake, taarifa za mtekelezaji, mikataba iliyopo Hazina. Mpelekee rasimu na umwambie itasambazwa kwa wenzake tarehe fulani kama ilivyo. Mtu aliyekataa kujaza fomu tupu huwa mwepesi sana kusahihisha namba isiyo yake.

*Hazina inapunguza fungu la afya kwa hoja kwamba wafadhili wapo.* Onyesha aina za gharama. Fedha ya vyandarua haiwezi kulipa mshahara wa mkunga. Onyesha pia masharti ya uchangiaji wa nchi: Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, hudai mchango wa nchi kwenye ununuzi wa chanjo, na Global Fund hufungamanisha sehemu ya mgao na fedha za ndani. Serikali ikipunguza zake, inaweza kupoteza na zile za nje.

*Miradi inawavuta watumishi wa serikali kwa mishahara minono.* Hili huwezi kulimaliza na mfadhili mmoja mmoja. Lipeleke kwenye kikao cha pamoja, na wote wasaini viwango kwa siku moja.

*Namba za mfadhili na za uhasibu hazilingani.* Kagua kwanza mwaka wa fedha, kisha kiwango cha kubadilishia sarafu, kisha kama mmoja anahesabu ahadi na mwingine malipo. Tofauti nyingi huishia kwenye mambo hayo matatu.

*Kiongozi amekubali jengo au mashine isiyo kwenye mpango.* Usipinge zawadi. Andika gharama za kuiendesha kwa miaka mitano, onyesha ni kasma gani itakatwa ili kuzilipa, na upeleke karatasi hiyo kwa maandishi kabla mkataba haujasainiwa.

*Mfadhili anajiondoa ghafla.* Fungua jedwali, chuja mistari yake yote na uipange kwa uharaka. Kwanza tiba ambayo haikatizwi: dawa za kufubaza virusi vya ukimwi, dawa za kifua kikuu, damu salama, chanjo. Pili, watu wanaoziwezesha huduma hizo. Tatu, usafirishaji na maabara. Mikutano, mafunzo na ofisi za mradi zisubiri. Siku hiyohiyo omba hesabu ya dawa zilizoko bohari na vituoni, na ujue ni za miezi mingapi. Kisha andika ombi moja kwa Hazina na nakala kwa wafadhili waliobaki, lenye kiasi kwa mwezi kwa kila kundi, ili anayeweza kubeba mwezi mmoja wa kundi moja aweze kukubali bila kusubiri wengine.